Laptop au desktop ya kurekodi nyumbani? Nilichagua desktop, nikaishia kumix kwa macho

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini mkijifanya mna shughuli na mlio majumbani.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Mke wangu ameyasoma kabla sijapost, na alichofuta ni mistari miwili tu.

Kila baada ya muda kuna mtu humu anauliza: nataka kurekodi muziki nyumbani, ninunue laptop au desktop? Na kila mara tunapigana. Wenye kumbukumbu watajua mimi nilikuwa katika wale wanaojibu kwa herufi kubwa. LAPTOP NI YA KUANDIKIA BARUA. Niliandika hivyo, mkono wangu mwenyewe, msitafute wa kusingizia.

Niko Mjambere, Kisauni. Siku za kazi nachapisha kadi za harusi kwenye duka la mtu. Wikendi narekodi kaswida za madrasa za mtaani, katika kijichumba kilichokuwa stoo ya vyombo vya mke wangu, Rukia. Vyombo viko juu ya kabati mpaka leo, na naambiwa habari zake kila nikitaka chai.

Rukia huchora maharusi kwa hina na piko, ile rangi nyeusi. Ana laptop yake kuukuu ya kuwaonyeshea wateja michoro, kifuniko kimejaa madoa ya hina. Ile laptop nilikuwa naiita "daftari".

Mshauri wangu alikuwa Kioko, rafiki yangu anayesimamia mitambo ya sauti kanisani kwao Changamwe. Akaniambia, "Msee, laptop ni ya email. Chukua desktop, processor ya maana, RAM ya kutosha. Utanishukuru."

Nikamshukuru. Tukaunganisha desktop ex-UK moja, CPU yake nzito kama mtungi wa gesi, ndani feni tatu. Nikabandika magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Nikapiga picha nikaziweka humu, mkanipa likes, na wiki nzima nilikuwa sishikiki.

Sasa aingie shangazi yangu, Bi Mwanakombo, dada wa marehemu baba.

Shangazi ni somo, yule mwanamke anayekaa na bi harusi kabla ya ndoa kumfunda mambo ya nyumba. Yeye hufunda kwa nyimbo. Alizipokea kwa nyanya yake na hazijaandikwa popote. Wenzake wanaojaribu kuzifuata wanajua beti mbili za mwanzo, baada ya hapo wanaguna tu.

Basi daktari wa meno akamwambia meno yake ya mbele yamelegea yote, hayana dawa, yang'olewe. Akampa siku.

Shangazi akaja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku bado anavua buibui.

"Mwanangu, nyimbo zangu zimejaa herufi za sini na zai. Nikiwa kibogoyo nitakuwa napuliza. Nirekodi ningali na meno, vijukuu vyangu vije vinisikie mimi, visisikie upepo."

Alicheka aliposema hivyo, lakini mkono alikuwa ameuweka mdomoni. Wallahi niliingiwa na huruma. Tena, nikiri hapa hapa, niliingiwa na furaha pia. Hatimaye mitambo yangu imepata kazi ya heshima.

"Shangazi, umefika penyewe," nikamwambia.

Jumamosi akaja na wenzake wanne. Ghorofa ya tatu, ngazi zote zile, na mmoja ana goti bovu. Nikawaingiza chumbani, nikafunga dirisha, nikazima feni ya juu isiingie kwenye maiki. Feni za CPU sikuweza kuzizima, maana ndizo uhai wa mashine, zikawa zinavuma vizuri tu.

Shangazi akatazama magodoro, akajipepea kwa ukaya wake wa kichwani. "Hapa ni studio au ni tanuri?"

Nikawasha kila kitu. Nikavaa headphone. Nikampa ishara aanze.

Akaniangalia. "Na wewe watoka saa ngapi?"

"Mimi ndiye fundi, Shangazi."

"Nimekusikia. Watoka saa ngapi?"

Najua mtaniuliza: wewe mtoto wa mjini, mwana wa Kimombasa, hukujua kwamba nyimbo za kufunda wanaume hawazisikii? Nilijua, wakuu. Nilidhani nikivaa headphone nahesabiwa kuwa sehemu ya mitambo.

Nikamwonyesha Rukia pa kubonyeza, nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Haikupita robo saa, stima ikapotea mtaa mzima. Desktop haina betri. Ikafa na kila ilichokuwa imebeba.

Mlango ukafunguliwa, wakatoka wanatiririka jasho. Nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya stima. Shangazi akanikata.

"Hata isingezima, mwanangu, hamna kitu mle. Wimbo wa kufunda hauimbiwi godoro. Namfunda nani? Nipeleke penye mwari."

Hilo ndilo sikuwahi kuliona kwenye uzi wowote humu. Tunabishana processor na RAM, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza wimbo wenyewe unakaa wapi.

Kwa bahati Ijumaa ya wiki ile kulikuwa na bi harusi Likoni. Somo wake alikuwa Shangazi, na wa kumchora hina alikuwa Rukia. Jumatatu inayofuata ndiyo siku ya meno. Ilikuwa hiyo au basi tena.

Nikaanza kupanga. CPU nitaifunga kwa shuka, monitor ataibeba Kioko, tutavuka feri mapema kabla ya msongamano. Kioko akasema yuko tayari, hata atakuja na extension.

Rukia alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza kwa upole, "Na chumbani kwa bi harusi utaingia nayo wewe au Kioko?"

Akachukua lile daftari lake, akalitia kwenye mkoba wa hina. Akatia na interface, kile kiboksi kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta. Maiki akaiviringisha kwenye leso. Nilimwandikia karatasi ya maelekezo, hatua kumi na tatu. Niliiona baadaye, imefutiwa piko.

Ijumaa alasiri mimi nilikuwa nje, kwenye hema la wanaume, na sahani ya pilau. Kutoka ndani zilikuja sauti za pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, na vigelegele, lakini maneno hayakushikika. Mara stima ikapotea. Spika za hema zikanyamaza, nikaweka sahani chini. Nikasema basi, imekwenda, na Jumatatu ndiyo hiyo.

Kule ndani hawakunyamaza hata nukta.

Rukia alipotoka nilimkimbilia kama daktari aliyetoka theatre. "Imezima?"

"Ina betri," akasema. "Wewe si wasema ni daftari?"

Saa nzima na zaidi, wakuu. Hakuna ilichopoteza.

Tulipofika nyumbani nikanyoosha mkono nichukue headphone. Akazivaa yeye. "Shangazi kaniapisha."

Ikabidi tufanye kazi hivi: faili tulilihamishia kwenye desktop, spika nikazichomoa, Rukia akavaa headphone, mimi nikakaa kwenye mouse nikitazama mawimbi ya sauti kwenye skrini. Yeye anasema punguza, mimi napunguza. Anasema hapo kuna mtoto analia, nakata. Kuna mahali wimbi lilipanda likajaa skrini nzima.

"Hapa ni nini?"

"Hapo wamecheka."

"Wamecheka nini?"

"Punguza tu, baba Salma."

Nimerekodi miaka kadhaa. Hiyo ndiyo mixing safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijui inasema nini.

Meno yaling'olewa Jumatatu kama ilivyopangwa. Wiki mbili baadaye tukaenda kumjulia hali. Alikuwa amekonda mashavu, anatusemesha huku kajifunika leso mdomoni. Rukia akaniambia nikae mbali kidogo, akamvalisha Shangazi headphone, akaweka.

Nilimwona akifumba macho. Leso ikashuka. Midomo ikaanza kufuata maneno, taratibu, bila sauti. Machozi yakamtoka na wala hakuyafuta. Mimi nikajifanya natafuta simu yangu.

Alipomaliza akavua headphone, akasema kwa ile sauti yake mpya yenye upepo:

"Mle nina meno yangu yote."

Kisha akanitazama, ufizi wote nje, anacheka.

"Na wewe umo."

"Nimo wapi, Shangazi?"

"Ubeti wa mwisho. Nimekutia na mitambo yako."

Rukia akainamia mkoba wake kama aliyeangusha kitu.

Basi wakuu, funzo. Ukiulizwa laptop au desktop, uliza kwanza sauti inayotakiwa iko wapi, na ni nani ataruhusiwa kuifikia. Kama itakuja kwako, nunua unachotaka. Kama ni ya kufuatwa, nunua kinachoingia kwenye mkoba wa hina. Desktop yangu nayo haikukosa kazi. Ndiyo inayohifadhi nakala, kwenye folder ambayo password anaijua Rukia peke yake. Herufi kubwa zangu nazirudisha, mnisamehe.

Sasa mkomenti. Wa laptop mnicheke, haki yenu. Lakini kama kuna mtu humu mkewe, dadake au mamake alikuwa kwenye ile harusi ya Likoni, namuomba kwa hisani yake aniulizie jambo moja tu: mle nimesifiwa, au nimechambwa?