Mama Droo na Vitabu Alivyovichomoa

Wanafunzi walimwita Mama Droo, naye aliitika. Nusu ya umri wake aliimaliza kwenye kaunta ya maktaba ya chuo kikuu, nyuma yake kabati la droo ndogondogo za kadi, kila kitabu na kadi yake. Kabati hilo alilichonga mumewe, fundi seremala, zama ambazo kitu kilitengenezwa kidumu, si kimpendeze mnunuzi mpaka afike mlangoni.

Kisha zikaja kompyuta, na mafunzo yakaja nazo. Mkuu wa maktaba aliwaambia wafanyakazi bila kupepesa macho: atakayeshindwa jaribio la mwisho ataondoka kaunta, akapekue mifuko getini. Wenzake wa rika lake wakaomba kustaafu mapema. Mumewe naye akamshauri astaafu, awaachie masanduku yao ya kompyuta.

"Baba watoto," akamuuliza, "walipoleta randa ya umeme karakana, ulifanyaje?"

"Nilikataa."

"Ndiyo maana uko nyumbani unapiga msasa vigoda."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Neno la kustaafu hakulirudia.

Mkufunzi alikuwa binti wa rika la kitindamimba wake, mwenye maneno ya haraka kama wote wa siku hizi. Kipanya kilimponyoka Mama Droo kama kuku aliyeona kisu. Lakini kuuliza hakuona haya. Akisahau, aliuliza tena, na tena, wenzake wakiguna.

Katikati ya mafunzo, zogo likazuka. Wanafunzi walilalamika kwamba vitabu wanavyovijua havionekani tena kwenye kompyuta. Mhadhiri mmoja akasema vimeibwa. Mkuu wa maktaba aliingia darasani amekunja uso, akavitaja kimoja kimoja.

Mama Droo akavitambua. Vyote vilikuwa kwa fundi jalada. Enzi za kadi, kitabu kilichochanika kikipelekwa kushonwa, kadi yake ilichomolewa ikatiwa kwenye kopo mezani, mwanafunzi asihangaike kutafuta kisichokuwepo. Kitabu kikirudi, kadi inarudi droo. Ulikuwa utaratibu wa watu waliojali muda wa mwenzao. Sasa kadi hakuna, naye alichomoa kama alivyoweza: alibonyeza Futa.

Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, lawama ingeangukia mashine, na kaunta angebaki nayo. Akasimama.

"Ni mimi. Nilivichomoa. Nilidhani humo ndani kuna kopo."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akamwomba asije akawachomoa na wao. Mama Droo akamgeukia binti. "Mwanangu, kopo lenu liko wapi?"

Binti hakucheka. Alirudisha kumbukumbu zote kutoka nakala ya akiba, kisha akaketi kando yake, safari hii akisema polepole, akamwonyesha pa kuandika kwamba kitabu kiko kwa fundi. Mama Droo alirudia zoezi hilo mpaka vidole vikalizoea. Siku ya jaribio aliinuka wa mwisho kabisa, jasho limemlowesha kola, lakini alifaulu.

Wiki hiyohiyo kabati lilitolewa kwa mlango wa nyuma, wala hakuna aliyeuliza nani alilichonga. Jioni mumewe ndiye aliyeuliza limeondokaje.

"Liliwashinda kubeba. Ikabidi waite na walinzi."

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. "Na wewe?"

"Mimi kesho niko kaunta. Nipigie pasi lile gauni la buluu."