Fundi Bado na Kizibo cha Moyo

Seremala yule aliitwa Fundi Bado, na jina alijitafutia mwenyewe. Umlilie, umtukane, kiti chako hakitoki karakanani kabla gundi haijashika sawasawa. "Bado," atakwambia, huku amekikumbatia utadhani kitatoroka.

Basi bwana huyohuyo, mapigo ya moyo yalipoanza kumwenda kombo, madaktari walimpitishia mrija kwenye mshipa wa paja, wakamwekea kizibo kidogo mdomoni mwa kifuko kilicho ubavuni mwa moyo, damu isije ikagandia humo, ikapanda kichwani na kumletea kiharusi. Wakampa na vidonge vya kuzuia damu kuganda, wakamwonya asiviache mpaka wampige picha waone nyama imekifunika kizibo. Akaitikia kwa adabu zote.

Haukupita muda, msumeno ukamkwaruza kidole. Lo! Damu ikachuruzika weee, mpaka ikatia doa meza ya mteja. Fundi akanuna. Kizibo si kimeshawekwa? Vidonge vya nini tena? Akavificha kwenye kopo la skrubu. Mkewe akimuuliza, "Umemeza?" anajibu, "Nimemeza, mama watoto," macho makavu.

Sasa, kishikio cha mfuniko wa sufuria kikalegea, mama watoto akaenda karakanani kujitafutia skrubu. Akakuta vidonge. Moyo ulimlipuka, maana shemeji yake, kaka wa fundi, tangu apate kiharusi analishwa kwa kijiko. Alivuta kiti kilichotoka kuungwa, akajiandaa kukaa.

"We! We! Usikae!" Fundi aliitupa randa. "Gundi mbichi hiyo!"

"Kwani hujakiunga?"

"Nimekiunga, lakini hakijashika! Kikivunjika je?"

Mkewe akamwinulia kopo la vidonge. "Na hicho cha moyoni kimeshika?"

Fundi Bado, bingwa wa kuwajibu wateja, akainama kuiokota randa.

"Mimi nakuegemea wewe," mkewe akasema. "Ukivunjika, niegemee wapi?"

Fundi alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, jambo ambalo fundi mwenye akili hafanyi. Kisha akampigia nesi simu, akakiri, akagombezwa vya kutosha, akaambiwa afike kliniki siku hiyohiyo.

Siku hizi anameza mkewe akimtazama. Juzi akajaribu bahati yake: "Mama watoto, huoni sasa vimetosha?"

Mkewe akamwekea kiganja kifuani, akakikandamiza.

"Bado," akasema.