Bastola ya Tatu

"Mkono wake ukoje?"

Msimamizi wangu aliniuliza hivyo huku akimenya chungwa. Mimi, niliyekuwa na jibu la kila kitu, na nilipokosa jibu nilirudisha swali, siku hiyo nilikosa vyote viwili. Nikasema, "Ni mkono tu. Una vidole vitano."

Tulikuwa katika chumba cha mapumziko cha walinzi, chini kabisa ya hoteli moja ya West Bay, jijini Doha, ambako baridi ya mashine ilitufanya tuvae sweta ilhali juu yetu watu walikuwa wakikimbia kutoka teksi hadi mlangoni wasiungue. Mkono tuliokuwa tukiuzungumzia ulikuwa Kenya. Ulikuwa wa dada yangu mkubwa, naye alikuwa ameniomba nimchagulie bastola.

Dada alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kuamua shamba la mtu linaishia wapi, kazi ambayo ukiifanya vizuri mtu mmoja kati ya wawili lazima akuchukie. Mwaka huo alikuwa akipima kipande ambacho koo mbili zilikuwa zikikigombania tangu kabla hatujazaliwa. Alipanda mawe ya mpaka, yakang'olewa. Akayapanda tena. Ndipo watu wakaanza kumfuata hadi ofisini kumweleza yatakayompata. Aliomba leseni ya kubeba bastola, akachunguzwa kwa miezi mingi, akafanya mtihani wa kulenga shabaha kwa bastola kubwa ya mwalimu wake, akapita. Sasa ilibaki kununua yake mwenyewe, na sharti lilikuwa moja: isionekane. Kuitoa hadharani bila sababu ni kosa. Tena, aliniambia, mpima ardhi akionekana na silaha kwenye shamba la ugomvi atakuwa ameanzisha vita alivyotumwa kuvimaliza.

Alinitumia picha tatu kwa simu, za bastola tatu ambazo muuzaji alikuwa amempangia juu ya kaunta. Ya kwanza nene, ya pili ya wastani, ya tatu ndogo na nyembamba kama pakiti ya sigara. Chini yake aliandika: "Wewe unayeziona kila siku, ungebeba ipi?"

Picha zote tatu zilikuwa zimepinda. Kaunta ilipanda upande mmoja kama mlima. Nilicheka, kwa sababu dada ni mtu anayenyoosha kalenda katika nyumba za wenyewe. Nikamwandikia: "Mpima ardhi mzima hujui kushika simu ikalala sawa?" Akajibu, "Jibu swali, Profesa."

Profesa ndilo jina lililonipata nyumbani tangu nilipohitimu chuo kikuu. Halikuwa la heshima sana. Nilikuwa na shahada ya falsafa na miaka miwili ya kutafuta kazi, na nilipokuja Doha kuvaa sare ya ulinzi niliwaeleza nyumbani kwa neno moja tu, sekyuriti. Halafu nikatuma picha nimesimama wima mbele ya maji ya West Bay, minara nyuma yangu, na ubavuni mfuko mweusi wa ngozi umebana kwenye mshipi. Mama alizungusha picha ile kanisani. Kila mtu aliona bastola. Ilikuwa redio ya mawasiliano. Hakuna mlinzi wa hoteli Doha aliyebeba silaha, na mimi sikuwahi kuigusa hata moja maishani mwangu. Lakini hawakuuliza, nami niliyeuliza kila mtu kila kitu sikuona haja ya kujibu nisichoulizwa.

Hata hivyo haikuwa uongo mtupu kwamba ninaziona kila siku. Nilikaa kwenye mashine ya eksirei, mlangoni mwa ukumbi wa mikutano, nikitazama mikoba ya wageni ikipita kwenye skrini. Vitu vya nguo na chakula huwa rangi ya machungwa, vyuma huwa buluu. Tulifundishwa kwa picha za bastola zilizofichwa, mamia ya picha, ndani ya viatu, chini ya kompyuta, katikati ya vikopo vya rangi ya kucha. Ningeweza kukuambia bastola imelala kwa ubavu au imesimama kwa mgongo. Nisingeweza kukuambia ina uzito gani.

Na kulikuwa na siku moja niliyoshindwa. Msimamizi alikuwa na kawaida ya kutupima bila taarifa, kwa mkoba aliotia ndani bastola bandia ya chuma isiyoweza kupiga. Siku hiyo aliisimamisha kwa mgongo kando ya pasi ya kunyooshea nywele, nikaona mstari mwembamba wa buluu, nikadhani ni sehemu ya pasi. Mkoba ukapita. Akaufungua mbele ya wenzangu wote, akaitoa na kuishika kwa vidole viwili. "Madamu falsafa," alisema, "hii imeingia ukumbini. Tayari tumekufa sote, wewe bado unatafakari." Nilipewa barua ya onyo. Bastola ile ilikuwa ndogo na nyembamba, sawa kabisa na ya tatu katika picha za dada.

Kwa hiyo nilimwonyesha msimamizi simu yangu kwa majivuno kidogo, jibu likiwa tayari moyoni. Alikuwa Mganda aliyetumikia jeshi kwao, kisha akalinda kwa bunduki katika nchi yenye vita kabla ya kuja Doha kulinda kwa kalamu na redio. Alizitazama picha bila kuacha kumenya.

"Ya tatu," nilisema. "Hata mimi ulinipita nayo."

"Ilikupita wewe. Dada yako anataka kumpita nani?"

"Anataka isionekane."

"Hiyo ni nusu. Ndogo hivi, chuma cha juu kinachovutwa ili risasi iingie huwa kigumu. Kishikio ni kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia. Ukipiga inaruka kama mbuzi. Mkono wake ukoje?"

Ndipo nikajibu ule upuuzi wa vidole vitano. Akaweka maganda kwenye karatasi, akayafunga vizuri. "Muulize," alisema. "Bastola si ya macho, nyabo," yaani bibi kwa Kiganda. "Wewe unaijua kwa macho."

Sikumuuliza. Nilimuuliza dada mengine yote. Nilimuuliza kama mtu mwenye silaha huwa salama zaidi au huwa tu na jambo jipya la kuogopa. Nilimuuliza kama sheria inayoshindwa kulinda mawe ya mpaka inaweza kulinda mpanda mawe. Aliniandikia maneno machache: "Nimekuuliza ipi. Sijakuuliza kama."

Nikaandika: "Ya tatu."

Alikwenda kuichukua karibu miezi miwili baadaye. Nilipouliza kwa nini amechelewa, alisema ni makaratasi.

Waliokuwa wakimtisha walirudi baada ya nusu mwaka, asubuhi, jua likiwa wazi. Dada alikuwa mpakani na msaidizi wake, mzee aliyemshikia mnyororo wa kupimia kwa miaka mingi. Wanaume wanne wenye mapanga walitoka kwenye mahindi. Dada alitia mkono ndani ya koti, akaitoa ile ya tatu, akajaribu kuikoki. Chuma hakikurudi nyuma. Akajaribu tena. Mmoja wao akacheka: "Mama, hiyo ni ya kuwashia sigara?" Kicheko hicho ndicho kilichompa mzee muda wa kufika kwenye pikapu na kuiingiza katikati yao. Dada alipanda ikiwa bado inatembea. Baadaye yeye na mzee waliikuta darubini ya kupimia imevunjwavunjwa, na miguu yake mitatu imepandwa ardhini palipokuwa na jiwe.

Alinieleza kwa simu, sauti yake tambarare kama anayesoma vipimo. "Ilikataa," alisema. "Ilikataa tu."

Nilikuwa kwenye basi la kampuni, tunarudi kambini, nje mitambo ikichimba njia za metro. Nilishuka na hasira kamili juu ya muuzaji. Usiku kucha niliandika maswali ya kumpelekea: nani aliikagua, ilitengenezwa lini, kwa nini aliuza kitu kibovu. Yalijaza kurasa tatu. Halikuwamo hata moja lililonielekea mimi.

Likizo yangu iliangukia mwezi uliofuata. Siku ya pili nyumbani, tukiwa barazani kwake mchana, dada alitoa risasi zote, akaonyesha pale zinapokaa kwamba ni patupu, akanikabidhi. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri na baridi kuliko nilivyofikiri. Nikashika chuma cha juu, nikavuta. Kilikuwa kigumu, lakini kilirudi. Nikavuta mara ya pili. Hakikuwa kibovu hata kidogo.

"Hebu wewe," nilisema.

Aliichukua. Kifundo cha mkono wa kulia kilianza kutetemeka kabla hajavuta. Alibadilisha mikono, akaibana tumboni, akauma mdomo. Chuma kilisogea upana wa ukucha, kikarudi.

"Tangu lini uko hivyo?"

"Uzee."

"Una miaka arobaini na moja."

"Baridi ya mashambani, basi. Wewe uko kwenye joto huko, utajuaje?"

Siku nyingine yoyote ningembana mpaka aseme. Lakini nilikuwa na yangu kooni, na mtu mwenye yake kooni hachimbi ya mwenzake. Nikasema, "Dada, mimi sijawahi kushika bastola. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Alinitazama. "Na ile picha?"

"Ile ni redio."

Alicheka kwanza, kicheko kikubwa cha kweli, akasema, "Mama ameiweka sebuleni, na maua ya plastiki pembeni!" Kisha kikaisha chote kwa mara moja. Aliiweka bastola mezani, polepole, mdomo wake ukielekea ukutani kama alivyofundishwa.

"Mwalimu alinionyesha nyingine," alisema. "Alisema hii hainifai. Nikamwambia, mdogo wangu yuko kwenye hiyo kazi, anajua. Nilimkatalia mwalimu wa watu kwa ajili yako."

Nilikuwa nimeshaona kwamba kile kilichomweka hai kilikuwa pikapu na kicheko cha adui, na kwamba mchango wangu ulikuwa kumpa kitu kinachofichika vizuri.

Tulirudi kwa muuzaji pamoja, na mwalimu wake akaja. Safari hii nilikaa kwenye kiti cha plastiki na kutazama mkono wake, si bastola. Mwalimu alimwekea moja baada ya nyingine, tupu, naye akazivuta akiwa amefumba macho. Nyingine alizirudisha hata kabla ya kuzijaribu. Ya nne ilikuwa nene, ndefu kuliko alivyotaka, na chuma chake kilirudi nyuma kwa sauti laini. Alivuta mara kumi. Mkono ulitetemeka, lakini kilirudi mara zote kumi. Mwalimu akasema, "Hii itaonekana kwenye hilo koti lako." Dada akasema, "Basi nitabadilisha koti." Kuanzia wiki hiyo alivaa koti la marehemu baba, lililomfika magotini, na watu wa mashambani wakamwita Padri.

Niliporudi Doha, msimamizi hakuniuliza tena kuhusu dada. Nilimwambia mwenyewe, tukiwa tunasubiri zamu ya kufungua mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae vizuri kwenye kiti, mikoba inakuja.

Dada alimaliza kipande kile. Mawe yako hapo hadi leo, nimeyaona. Hakuwahi kulazimika kuitoa ya nne. Baadaye alihamia kazi ya ramani mjini, akaipeleka bastola polisi, akaweka sahihi na kurudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu, alisema, alitaka kuona koti lile lina uzito gani likiwa tupu.

Nilikuwa nimeshaacha Doha siku nilipomsaidia kuhamisha ofisi. Michoro yake huiweka katika mirija mirefu ya plastiki, na mimi nilikuwa nikiitoa mmoja mmoja nikiikunjua kuona ni ya shamba gani. Katika mrija wa kile kipande cha ugomvi, ndani ya mchoro wa kwanza, ilikuwa imeviringishwa filamu ya eksirei ya hospitali. Niliiinua kuelekea dirishani, kama nilivyozoea. Ilikuwa mkono wa kulia, kifundo, mfupa umekatika mahali pawili na kipande kimoja kimepanda juu ya kingine. Baridi haikati mfupa hivyo, wala kuanguka. Ule ulikuwa umepigwa. Pembeni, kwa herufi ndogo nyeupe, lilikuwepo jina la dada na tarehe.

Dada alikuwa chumba cha pili, akimwelekeza mtu wa mkokoteni. Sikumwita. Nilitoa simu, nikatafuta nyuma, miaka mingi nyuma, hadi zile picha tatu. Filamu ilikuwa imepigwa siku mbili kabla ya picha hizo. Siku aliyoniuliza ningebeba ipi, mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, na picha zilipinda kwa sababu alizipiga kwa wa kushoto.