Kelele Iliyosafishwa

Kwenye kaunta ya duka la muziki mjini Kasese, fundi aliniinulia kidole gumba. Nilikuwa nimemwachia kaseti ya zamani aihamishie kwenye simu: mimi na yukulele yangu, kigitaa cha nyuzi nne, nikiimba kuhusu bwana harusi aliyekimbizwa na mbuzi wa mahari.

“Mzee, nimesafisha. Kulikuwa mama moja anacheka-cheka ndani. Nimetoa kelele yake yote.”

Nikasikiliza. Wimbo wangu wa kuchekesha sasa ulifaa mazishi. Wataalamu wetu wa siku hizi husafisha kwanza, huuliza baadaye.

“Huyo mama ni mke wangu. Tulimzika Bwera mwaka jana.”

Akavua kofia. “Pole, mzee. Nirudishe kicheko kidogo?”

“Rudisha chote. Kama ni lazima usafishe, toa sauti yangu.”