Hatua za Herbert Garrod

Kwa miaka thelathini na moja watu wa Eastlingham waliiamini miguu ya Herbert Garrod kuliko walivyoiamini redio. Kila Mei walizunguka mipaka ya parokia na fimbo za mierebi, wakiyachapa mawe ya mpaka kama babu zao walivyoyachapa. Upande wa mashariki mawe yalikwisha kumezwa na bahari zamani, kwa hiyo huko Herbert alihesabu hatua, kuanzia mlango wa jiko la Enid Thirtle hadi ukingo wa genge la udongo, kisha akaiandika idadi katika kitabu cha kanisa. Baba yake alikuwa na kazi hiyo kabla yake. Kanisa lenyewe ni la tatu. Katika yale mawili ya kwanza wanasali samaki.

Kwa miaka kumi sasa ni hatua arobaini na nne, mwaka nenda mwaka rudi. Wakubwa wa wilaya walimwandikia Enid barua mbili wakimsihi ahame. Zote mbili aliwashia moto jikoni. Mjane yule alikuwa na jibu moja tu: "Herbert kasema arobaini na nne. Wao walikuja lini kupima?"

Mwaka huu kasisi mpya, Judith, dada mrefu wa miaka thelathini, alitembea bega kwa bega na Herbert akihesabu kimoyomoyo, kwa kuufurahia mchezo tu. Walipofika ukingoni Herbert akatangaza, "Arobaini na nne!" Judith akacheka.

"Mzee Garrod, mbona mimi nimepata ishirini?"

"Una miguu ya korongo, Kasisi!" mwenye baa akadakia, na watu wote wakaangua kicheko.

Herbert naye alicheka, lakini kicheko kikamkauka kinywani. Akavitazama viatu vyake. Nyonga ilikuwa ikimuuma kwa miaka kumi sasa, na kila mwaka alizidi kuburura mguu. Mwenda pole hajikwai, alizoea kujiambia. Hata siku moja hakuwaza kwamba nchi ilikuwa ikipungua na hatua zake zikifupika pamoja nayo, ndiyo maana idadi haikubadilika. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Siku hiyo hakuandika kitu.

Kesho yake mchana alikwenda kwa Enid. Enid alimmiminia chai, akamkatia keki ya zabibu. Herbert hakuigusa.

"Enid, nimekudanganya. Sikukusudia, lakini ni miaka kumi nakudanganya. Zile arobaini na nne ni za mguu mbovu. Lazima uhame kabla ya dhoruba za vuli."

"Mguu ni wako, nyumba ni yangu. Wapi na wapi?"

"Nchi imekwisha, mama!"

Enid akanyanyuka, akatoka na ndala zake za nyumbani, akaanza kuhesabu mwenyewe, mguu huu ukiugusa ule. Herbert alimfuata akitweta, mkono ameutanguliza ili amdake.

"Hamsini na sita!" Enid akageuka, uso umemwiva kwa ushindi. "Umeona? Imeongezeka!"

Herbert hakujua acheke au alie. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia kamba ya kuanikia nguo. Marehemu Albert, mume wa Enid, alisimika nguzo mbili, moja karibu na mlango, nyingine kuelekea baharini. Sasa kamba ilikuwa imefungwa kwenye msumari wa kibanda.

"Nguzo ya pili ya Albert iko wapi?"

Enid aliutazama ule msumari.

"Ilianguka Februari. Mchana kweupe, na mashuka yangu juu yake. Nilikuwa nimesimama pale dirishani."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ningehamishwa. Jana nilijiambia, leo Herbert ataona. Ukasema arobaini na nne. Nikakushukuru, mjinga we."

"Mficha maradhi, Enid..."

"Kifo humuumbua, najua. Kitanda nilishakihamishia upande wa barabara." Akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Nitahama Jumamosi. Nenda kaandike. Ila andika kwamba bahari imesogea. Usiandike kwamba ulikosea, watakucheka."

Herbert alikwenda kanisani akiuburura mguu. Akaandika: *Hatua ishirini, za Kasisi. Zile arobaini na nne zilikuwa za mzee, nami sikujua. Enid Thirtle anahama Jumamosi.*

Alihama kweli, akapanga chumba nyuma ya shule. Wiki nzima hakuzungumza na mtu.

Mei iliyofuata msafara ulifika upande wa mashariki, na watu wakampisha Herbert apite mbele, kwa mazoea. Akasimama na fimbo yake, akitafuta pa kuanzia. Mlango haukuwepo. Jiko halikuwepo. Enid alipita katikati ya watu, akamshika mkono.

"Haya, twende," akasema. "Hesabu kutoka hapa nilipo."