Kidole cha Abigaïl

Constantin alikuwa fundi wa nguo pale Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Babu yake alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kujenga reli, na baba yake alimaliza nguvu zake zote mgodini. Yeye, kwa sababu kifua chake kilikuwa dhaifu tangu utotoni, alipelekwa kujifunza kushona. Alishona sare za kwaya, magauni ya komunyo ya kwanza, suti za wanaooa. Mara moja tu alishona nguo ndogo nyeupe ya kumzikia mwanawe mwenyewe, Michée, aliyefariki akiwa na miaka mitatu bila mtu yeyote kujua anaumwa nini.

Jina la ugonjwa walilipata baadaye, baada ya Abigaïl kuzaliwa na kuanza kulia vilevile. Ulikuwa ule ugonjwa wa damu ambao Lubumbashi kila mtu huuita SS: chembe za damu hupinda, zinakwama ndani ya mishipa, na mifupa ya mtoto inawaka kwa maumivu. Constantin na mkewe Mado wakajifunza kuishi nao. Anywe maji mengi. Avae sweta hata jua likiwaka. Asiguse maji ya baridi. Vidole vikivimba, msingoje, hospitali.

Mwaka huu baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali. Abigaïl, mwenye miaka mitano, alilala nyumbani wiki tatu. Mwalimu wake alipokuja kumwona, alisema wenzake sasa wanaandika majina yao.

"Tumuuzie tablette," Constantin alimwambia mkewe siku hiyo, kwa maana ya kumnunulia. "Ajifunze ku kitanda."

Mado alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Kila mwezi alipanda lori hadi Pweto, kwenye ziwa, kuwafuata mwenyewe. Alikuwa amezoea kuchunguza kitu kabla ya kukikubali.

"Mutoto wa miaka tano na tablette? Macho itamuharibika."

"Mama Abigaïl, ni wiki tatu anaangalia ukuta."

Mado akageuka akautazama ukuta wenyewe, rangi yake ya kijani iliyobanduka. Alfajiri iliyofuata, akifunga magunia yake ya safari ya Pweto, akasema, "Uza basi. Lakini chagua muzuri. Usilete kitu ya kung'aa bure."

Constantin alichagua kama anavyochagua kitambaa. Kwanza aliupima mkono wa mtoto kwa utepe wake, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, akaandika kwenye karatasi. Kisha akaenda mjini, kwenye duka la Sylvain, kijana wa Kikasai aliyesoma hesabu chuo kikuu, akakosa kazi, akaishia kuuza simu.

Sylvain alimwekea tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa pana na inang'aa kama kioo cha kinyozi. Constantin aliishika kwa mkono mmoja na kuhesabu polepole. Kabla ya kufika mia moja kifundo cha mkono kilianza kuchoka. Aliirudisha. Mtoto ambaye vidole vinamvimba hawezi kubeba kitu kama hicho. Ya pili ilikuwa na ganda la mpira wa waridi na mpini, imeandikwa kuwa ni ya watoto, lakini kila mchezo ulidai intaneti, na kila mchezo ukikatizwa na matangazo. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, imetumiwa na mtu mwingine, nyepesi kama daftari.

"Hii, courant ya umeme ikikatika, inakaa siku nzima," alisema Sylvain. "Nitaondosha bintu byote bya ovyo, nitaacha alfabeti, hesabu, na ya kuchora. Lakini nikuambie ukweli, papa. Hizi za occasion, za mukono wa pili, vioo vingine ni kiziwi. Kidole ya mukubwa inaisikia, kidole ya mutoto haiisikie. Ikikufanyia hivyo, rudisha, nitakupa ingine."

Constantin aliupima upana kwa karatasi yake, akagusa kioo kwa kidole kidogo, taratibu, kama anagusa jicho. Mstari ukatokea. Akainunua.

Siku nne zilizofuata nyumba ilibadilika. Abigaïl alichora A, akachora B, akachora kuku mwenye miguu mitano na kucheka hadi akakohoa. Constantin alishonea mlangoni ili asikie sauti ya kike ya mashine ikisema herufi kwa Kifaransa na mwanawe akizirudia. Maumivu yalikuwa yamepungua. Aliamini ubaya umepita.

Jumamosi asubuhi, kama saa moja, Abigaïl aliangusha kikombe cha uji. Baba yake alimkemea. "Shika na mikono mbili, Abi!" Mtoto alimtazama tu. Akapanguswa uji, akapewa tableti.

Baada ya muda akaita, "Papa, haitake."

"Haitake nini?"

"Haisikie mi."

Constantin alikuja akakaa kando yake. Kidole cha Abigaïl kiliteleza juu ya kioo, kikaacha alama mbili tatu zisizoungana, kisha hakuna kitu. Akagusa yeye: mstari safi. Akamwambia mtoto ajaribu tena. Hakuna. Akakumbuka maneno ya Sylvain kuhusu vioo viziwi, na hasira ikampanda, hasira ya fundi aliyeuziwa kitambaa chenye tundu. Mtoto hakuwa analia. Kwa miaka mitano ugonjwa ule ulikuwa umekuja kwa kilio, kila mara, bila kukosa. Kwa hiyo alipoona hakuna kilio, hakuuwazia.

Alimwita jirani yake, Wivine, msusi, akae na mtoto. Kisha akamaliza kola ya shati iliyokuwa inangojewa. Kisha akaenda mjini kwa miguu. Dukani kulikuwa na watu, akangoja zamu yake.

"Kioo yako ni kiziwi," alisema hatimaye, akiiweka mezani. "Ulinidanganya."

Sylvain hakubisha. Aligusa kioo kwa pembe ya kidole kidogo, mara tano, sita. Kila mara mstari ulitokea. Kando yao alisimama mama mmoja mteja, mtoto wake wa miezi michache mgongoni. Sylvain akamwomba ruhusa, akainua tableti hadi kwenye kiganja cha yule mtoto mchanga. Vidole vile laini vilipapasa, na rangi nyekundu ikatapakaa kioo kizima.

"Papa, mashine iko muzima," Sylvain alisema kwa sauti ya chini. "Mutoto aligusa na mukono gani?"

"Ya kuume."

"Ile mukono haikuwa na shida?"

Constantin akafungua mdomo kujibu, akakiona kikombe cha uji kikianguka. Akauona mkono wa kulia wa mwanawe ukibaki wazi, baada ya kikombe kuwa kimeshafika chini. Aliiacha tableti pale pale, akatoka mbio.

Alimkuta Abigaïl ameegemea kifua cha Wivine. Kona ya mdomo ilikuwa imeshuka, mate yanamtoka.

"Nilizani iko na usingizi," Wivine alisema, akianza kulia. "Tata Constantin, nilizani ni usingizi tu."

Hospitalini daktari alimwinua mtoto mkono wa kulia, akauachia. Ukaanguka kama mkono wa nguo. "Damu imeziba mshipa ndani ya ubongo," alisema. "Ilianza saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa moja."

Daktari akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa saba kasorobo. Aliandika. Baadaye, walipokuwa wamekwisha kumtundikia damu, Constantin alimuuliza kama zile saa zilikuwa na maana. "Wakati mwingine zinakuwa nayo," daktari alimjibu. "Kwa mtoto huyu, siwezi kujua." Constantin angependa aambiwe ndiyo au hapana, lolote kati ya hayo mawili.

Mado alifika siku ya tatu, moja kwa moja kutoka kwenye lori, nguo zake zikinuka samaki. Simu haikumpata njiani. Habari alizikuta kwa Wivine, lori lilipomshusha mtaani. Alimshika mtoto uso kwa mikono miwili, akamwita jina, na Abigaïl akajibu kwa sauti isiyokuwa neno. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Uniambie yote."

Alimwambia yote. Kikombe, kidole, kola ya shati, zamu ya dukani. Hakuficha hata kidogo.

Mado alimpangusa mtoto mate mdomoni. "Mashine ulipeleka kwa munganga wake," alisema. "Mutoto ukamuacha."

Hakulirudia neno hilo tena, wala hakuliondoa. Wiki ya pili Sylvain mwenyewe alileta tableti hospitalini, imechajiwa, imefutwa vumbi. Mado aliipokea kwa heshima, akamshukuru, akampa Wivine aipelekee watoto wa dada yake. Constantin aliona, hakuzuia.

Sasa Abigaïl anatembea akiburuta mguu. Maneno yamerudi machache: maji, papa, hapana. Kila mwezi wanampeleka kuongezewa damu, ili kiharusi kisimpige mara ya pili. Daktari amewaambia waziwazi kwamba kinaweza kurudi. Mado haendi tena Pweto. Samaki anawanunua mjini kwa wenzake, anauza kidogo anachopata. Yeye na mumewe huzungumza juu ya dawa, maji, sweta na tarehe za hospitali, na watu wa kanisani huwasifu kwa jinsi wanavyoshirikiana.

Kila siku kunapokucha, kabla hajagusa cherehani, Constantin huketi kitandani na kumpa mwanawe vidole vyake viwili vya shahada, kimoja kila upande.

"Finya, Abi."

Mkono wa kushoto hufinya hadi anaumia. Wa kulia hulala juu ya kidole chake, wenye joto, bila uzito wowote.

"Iko namna gani?" Mado huuliza kutoka uani, akipuliza makaa.

"Kama jana," yeye hujibu.

Mado husema sawa, na huendelea kupuliza.