Nyumba ya Kina Bwambale

Nilipowaaga majirani zangu wa Tabora niliwaambia nakwenda Uganda kutazama nyumba za zamani. Hakuna aliyeshangaa. Mimi ni mtoto wa kota za reli, nimekulia chini ya mabati mekundu na dari za mbao, na tangu nistaafu ualimu starehe yangu ni kuzunguka mitaani nikisimama mbele ya nyumba za watu, mpaka wenyewe wanatoka kuniuliza nimepotelewa na nini.

Shabaha yenyewe ya safari aliijua mume wangu tu. Binti yetu Upendo, ambaye ni mfamasia Kampala, alikuwa ameposwa na kijana wa Bwera, mpakani na Kongo, aitwaye Bwambale. Kijana mwenyewe ni daktari wa mifugo. Alikuja kwetu mara moja, akala vizuri, akaongea kidogo, akaondoka. Wakishaoana wangehamia kwao Bwera na kukaa kwa wazazi wake. "Ni nyumba ya zamani, mama, utaipenda," Upendo aliniambia kwenye simu. "Ina baraza mbele na milango ya kijani." Jibu la posa tulikuwa hatujatoa, na mimi usingizi ulikuwa umenikimbia. Upendo ndiye mtoto wangu pekee. Nimpeleke mwisho wa Uganda, kwa watu nisiowajua, halafu wakimtesa nitajuaje?

Wazazi wa kijana walitualika twende tuonane. Mume wangu goti linamsumbua, kwa hiyo niliteuliwa mimi. Nikapanga kimyakimya kufika siku moja kabla ya siku niliyotarajiwa. Nyumba inayongoja wageni hufagiliwa hata mahali ambapo haijawahi kufagiliwa. Mimi nilitaka kuiona ile ya kila siku.

Nililala Bukoba kwa wifi yangu, na alfajiri nikaelekea Mutukula. Mpakani niligongewa muhuri na afisa aliyeniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia kutazama nyumba. Aliniangalia kwa huruma, akanitakia safari njema. Kutoka hapo ni Masaka, kisha Mbarara na ng'ombe wake wenye pembe ndefu, halafu barabara ikateremka hadi kwenye tambarare yenye joto. Tulivuka daraja ambalo chini yake viboko walikuwa wamelala majini, tukapita alama ya ikweta, na jua lilipokuwa linazama nikashuka Kasese nikiwa nimechoka hasa.

Asubuhi Kasese ilinipa zawadi. Nilikuwa nimesikia kwamba reli kutoka Kampala ilikuwa inaishia hapa, ila sikujua kwamba kota zake bado zipo. Niliziona nikiwa natembea tu baada ya chai, nikasimama. Misingi iliyoinuliwa ili maji yasiingie, matundu ya hewa chini ya paa, baraza zenye wavu wa waya, mabati yaliyofifia. Nyingine zimeongezwa vyumba vya matofali pembeni, nyingine zimepakwa rangi za matangazo ya simu na soda, lakini uti wa mgongo ni uleule wa kwetu. Nilishikwa na furaha ya kitoto. Nikapita mtaa hadi mtaa nikizisalimia kimoyomoyo, hadi mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja akainuka.

"Mama, unatafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Naangalia nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii yenu."

Akageuka akaitazama nyumba yake kana kwamba imebadilika usiku. "Hii? Hii iko mzee sana, nyabo. Babu ya bwana yangu alifanya kazi ya reli, ndiye alianza kukaa hapa."

"Joto haliwasumbui?"

"Hapana! Joto inabaki inje. Ile mpya ya jirani ndiyo inapika watu." Akacheka, akanionyesha kwa ufagio ghorofa ya jirani yenye vioo vya buluu. Nilimsihi wasiivunje ile yao. Akasema mume wake anataka kuivunja kila mwaka, na kila mwaka joto likija anaghairi.

Nilizunguka pia kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, yale yenye ukuta wa zege uliopanda juu ya baraza kuficha paa, na nguzo za mviringo. Ningeweza kukaa hapo hadi jioni. Lakini kadiri nilivyofurahia nyumba za watu wengine ndivyo ile moja ilivyozidi kuniita, basi saa za mchana nikatafuta gari la kwenda Bwera.

Njiani tulirudi kusini hadi njia panda ya Kikorongo, tukakata kulia. Baada ya Kinyamaseke milima ilisogea karibu kabisa na barabara, na mashamba yamepanda nayo juu, muhogo, kahawa na migomba mahali ambapo mimi nisingethubutu kusimama. Mlima mkubwa wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu. Nikafika Bwera, nikakuta malori yamejipanga kuelekea mpakani, wabadili fedha wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya miavuli, na bodaboda kila upande unaogeukia.

Bodaboda mmoja alinifikia kabla sijaweka mkoba chini.

"Mama, tuende wapi?"

"Kwa kina Bwambale. Nyumba ya zamani, ina baraza mbele na milango ya kijani."

"Bwambale wa milango ya kijani? Huyo namujua sana. Panda."

Hakuuliza zaidi, nami sikuwa na zaidi. Jina la ubatizo la kijana nililitajiwa siku ile ya posa na sikulishika. Nilidhani Bwambale ndilo jina la ukoo, na ukoo ukishaujua umemaliza.

Nyumba aliyonishushia ilikuwa ya zamani kweli. Baraza lilikuwepo, na mlango wa kijani pia. Lakini dirisha moja lilining'inia kwa bawaba moja, ngazi ya mbele ilikuwa imemeguka, na ukutani tope la mvua lilikuwa limepanda hadi kiunoni bila mtu kulifuta. Hapa ndipo aje kukaa mwanangu? Nikapiga hodi.

Alitoka mwanamke kijana, labda wa rika la Upendo, amefunga kitenge kizuri, na mgongoni ana mtoto mchanga.

"Karibu, mama. Ingiya."

"Hapa ni kwa Bwambale?"

"Ndiyo. Bwambale ni bwana yangu."

Nilikaa kabla hajanionyesha kiti. Kijana aliyekula nyama yangu Tabora huku macho yameinama kwa adabu, kumbe ana mke! Nilimtazama mtoto mgongoni, nikatafuta sura, na nakwambia niliiona: paji lilelile la uso, masikio yaleyale.

"Huyu ni wa Bwambale?" niliuliza.

"Ni mutoto yake, ndiyo." Alinijibu polepole, naye sasa akawa ananikazia macho. "Na weye, mama, unatafuta bwana yangu juu ya nini?"

Ningemjibu nini? Kwamba mume wake amenitolea posa ya binti? Nilisema nimetoka mbali na nitamngoja. Aliitwa Kahindo, kwao ni Beni ng'ambo ya mpaka, na pamoja na mashaka yake hakuacha ukarimu. Aliniletea maji ya kunawa, halafu ugali wa muhogo, ambao huko wanauita obundu, na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwani. Mimi nilikuwa nimeshika simu. Nilitaka kumpigia Upendo hapohapo, nimwambie afungashe arudi nyumbani. Kahindo akasema, "Mama, kula kwanza. Simu haitatoroka." Nikala. Chakula kilikuwa kitamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Tulikaa hivyo, yeye kwenye mkeka akinyonyesha, mimi kwenye kiti, kila mmoja akimpima mwenziwe. Mara ikasikika kengele ya baiskeli uwanjani.

"Iko anakuya," akasema Kahindo, akainuka haraka.

Nikajiweka sawa. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, na hayakuwa mazuri. Akaingia mzee mfupi mwenye upara, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, msumeno begani. Alikuwa rika la mume wangu, kama si zaidi.

"Mgeni, karibu sana," akasema. "Mimi ndiye Bwambale."

Nilicheka mpaka mtoto akaanza kulia. Nilitaka kuacha nikashindwa. Machozi yakanitoka, nikamshika yule mzee mikono yote miwili nikimshukuru, na yeye hajui namshukuru kwa lipi, anamwangalia mkewe, mkewe ananiangalia mimi. Nilipopata pumzi nikawaeleza yote, posa, Upendo, Tabora, na nyumba ya milango ya kijani.

Kahindo alijiachia mkekani. "Yesu! Mama, miye nilizani umeleta kesi! Nilizani Bwambale alizalisha mutoto yako, sasa unakuya kumuacha hapa!"

Sasa tukacheka wote watatu. Mzee alivuta kigoda, akanifundisha nilichopaswa kujifunza kabla ya kupanda basi. "Mama, hapa kwetu jina ni namba ya kuzaliwa. Kijana ya kwanza ni Baluku, ya pili ni Bwambale, ya tatu ni Masereka. Wasichana nao hivyohivyo. Kila nyumba iko na Bwambale yake. Wewe unatafuta ile ya daktari wa ng'ombe, mtoto ya Biira. Milango yao nilitengeneza mimi. Rangi ilibaki, nikapaka na yangu."

"Na dirisha lako hili?"

"Hilo?" Aliliangalia, akajikuna upara. "Hilo nitatengeneza kesho."

"Anasema kesho tangu tuoane," akasema Kahindo.

Jioni mzee Bwambale alinisindikiza kwa miguu, akisukuma baiskeli, nami sasa niliiona Bwera kwa macho mengine. Alinionyesha kila nyumba aliyowahi kuitia mkono. Kulikuwa na moja ya fito na udongo iliyovishwa saruji, imepakwa chokaa juu na mkanda mweusi chini, pembe zake zimenyooka ajabu. Nyingine ilikuwa na mbao za mapambo zilizochongwa meno kandokando ya paa, kazi ya marehemu baba yake. Nilimsimamisha pale kwa muda mrefu, naye hakuchoka kunieleza jinsi baba yake alivyochagua mti. Watu walitusalimia njia nzima. Nilikuwa mwepesi mwilini kama niliyetua mzigo wa kuni.

Nyumba ya Biira ilikuwa mwisho wa mtaa, kwenye mteremko unaotazama upande wa Kongo. Baraza pana, nguzo nne za mbao, milango ya kijani. Na ukuta wa mbele ulikuwa nusu mweupe, nusu mchafu. Juu ya stuli alisimama mama wa rika langu, kichwani kitambaa, mkononi brashi, chokaa imemrukia hadi mashavuni.

"Mama Biira," mzee akaita, "nimekuletea mgeni. Ni mama ya Upendo."

Brashi ilianguka ndani ya ndoo. "Mama Upendo? Si ni kesho?"

"Ni kesho," nikasema. "Nimekuja leo."

"Sasa umeniona hivi!" Akashika mashavu kwa mikono yenye chokaa, akazidi kuharibu. Mzee Bwambale akageuza baiskeli yake na kutuacha, mtu mwenye busara. Nikaona aibu. Niliona jinsi nilivyomvizia mwanamke mwenzangu nyumbani kwake, nikamwambia hivyohivyo, kwamba nilitaka kuona anakoolewa mwanangu kabla hakujapambwa.

Biira alishuka kwenye stuli, akaketi juu yake. Kisha akaanza kutabasamu.

"Mimi pia nilienda Kampala," akasema. "Sikuambia mtu. Hata kijana yangu hajui. Nilisimama ng'ambo ya barabara, naangalia kule mtoto yako anapanga chumba."

"Wewe?"

"Mimi! Niliogopa. Wasichana ya Kampala, unajua mwenyewe. Nikasema acha nione."

"Ukaona nini?"

"Mvua ilianza. Akatoka mbio, akaanua nguo yake. Akaingiza. Nikasema basi, amemaliza. Akatoka tena, akaanua nguo ya majirani yote, hata ya watoto, zile soksi ndogondogo, moja moja. Alilowa kabisa. Nikapanda basi, nikarudi nyumbani. Nikaambia bwana yangu, peleka posa."

Miezi yote nilikuwa nalala macho nikidhani mwanangu anakwenda kwa watu wasiomjua. Nililia, na safari hii sikucheka katikati. Biira akanipa ncha ya kitambaa chake nikajifuta, nami nikapakaa chokaa usoni kama yeye.

Halafu nikavua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaomba brashi nyingine. Biira alikataa katakata. Mama wa bibi harusi kupaka ukuta wa ukweni, watu watasemaje? Nikamwambia wazee wake wanakuja kesho na ukuta ni nusu, yeye achague. Akaingia ndani akarudi na brashi ya pili. Tulipaka mpaka giza likaingia, yeye juu kwenye stuli, mimi chini, na kabla ya ndoo kuisha nilikuwa nimeshamwambia jibu letu.

Siku iliyofuata wazee walikuja, yakasemwa yanayosemwa, yakajibiwa, akaliwa mbuzi. Kahindo na mume wake walialikwa pia. Nilipoondoka Bwera nilipewa mfuko wa kahawa na neno moja la Kikonzo la kusema kila mahali, wasingya, yaani asante, na nililitumia hadi dereva wa basi akanizoea.

Nyumbani Tabora mume wangu alinipokea stendi akichechemea. Alitaka habari zote, nami nikampa, hata ile ya mtoto mwenye paji la uso. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza kama fundi, maana naye ni mtoto wa reli: "Na paa? Halivuji?"

Nikakuta sijui. Mimi niliyevuka mpaka kuikagua nyumba ile sikuwa nimeinua macho nikaangalia hata bati moja. Nikamwambia sikuuliza, ila mvua ikinyesha Bwera, kutoka nyumba ile watatoka watu wawili mbio, Upendo na mkwe wake, kuanua nguo za mtaa mzima.